Je, Gavana wa Kerala Ndiye Aliyewachagua Mawaziri wa 1957?

SWALI: Mhariri, marehemu babu yangu, aliyekuwa karani bandarini Kilindini, alipenda kutusimulia habari alizozisikia kwa mabaharia wa Malabar kuhusu serikali ya mwaka 1957 ya jimbo lao la Kerala, India. Alisema mawaziri wake walikuwa 11 tu, na wawili kati yao walikuwa mume na mke. Je, ni kweli? Na ikiwa gavana ndiye aliyewachagua, kama ilivyo hapa kwetu, mbona hakuwatetea walipoondolewa? – Msomaji, Majengo, Mombasa.

JIBU: Babu yako alisimulia kweli, Mola amrehemu. Linalotatiza ni hilo neno gavana. Hapa Mombasa gavana tunampigia kura wenyewe, naye huwateua mawaziri wa kaunti, ambao Bunge la Kaunti huwahoji kabla ya kuwaidhinisha na ambao hawaruhusiwi kuwa wawakilishi wadi. Katika katiba ya India, gavana wa jimbo hachaguliwi na wananchi bali huteuliwa na Rais wa nchi, na kazi zake nyingi huzifanya kwa ushauri wa mawaziri. Mwenye serikali hasa, na anayewachagua mawaziri wenzake, ni Waziri Kiongozi, kama tutakavyomwita kwa jina lililotumika Zanzibar hadi 2010, ambaye hukaa madarakani maadamu wabunge wengi wa jimbo wanamuunga mkono.

Jimbo la Kerala liliundwa tarehe 1 Novemba 1956, na katika uchaguzi wake wa kwanza Wakomunisti walipata viti 60 kati ya 126. Kwa kuungwa mkono na wabunge 5 wasio na chama, E. M. S. Namboodiripad aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi tarehe 5 Aprili 1957. Fedha ilikuwa kwa C. Achutha Menon, elimu kwa Joseph Mundassery, sheria kwa V. R. Krishna Iyer, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya India. Mwanamke alikuwa mmoja tu, K. R. Gouri, Waziri wa Mapato, wizara ambayo huko ndiyo yenye mambo ya ardhi. Mwaka huohuo aliolewa na T. V. Thomas, Waziri wa Kazi. Hao ndio mume na mke aliowasimulia babu yako.

Kwa msomaji wa Majengo, huyo Gouri ndiye wa kumtazama kwa makini. Unaijua nyumba bila ardhi: kuta, makuti au mabati ni mali yako, lakini kiwanja ni cha mwingine, unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, na siku akitaka kiwanja chake huna la kushika ila mabati yako. Kerala ilikuwa na maelfu ya watu wa namna hiyo, waliojenga vibanda katika mashamba ya matajiri waliowafanyia kazi. Serikali haikumaliza wiki moja madarakani kabla ya kutoa amri ya kusimamisha kuwafukuza wapangaji wa ardhi na wenye vibanda. Kwa maoni yangu, hakuna kazi ya baraza lile iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kilichowasha moto zaidi kilikuwa mswada wa elimu wa Mundassery, uliotaka walimu wa shule za binafsi zinazosaidiwa na serikali walipwe moja kwa moja na serikali, na wenye shule wapunguziwe uhuru wa kuajiri na kufukuza wapendavyo. Kanisa Katoliki na jumuiya ya Wanayar, Wahindu wa tabaka la juu, waliomiliki shule nyingi, waliupinga vikali. Rais aliupeleka mswada huo Mahakama ya Juu kuomba ushauri, ukarudishwa kurekebishwa, lakini maandamano yalizidi, na katika miezi ya kati ya 1959 polisi waliwapiga watu risasi wakafa. Hilo pia halifai kufichwa.

Sasa swali lako la mwisho. Gavana, B. Ramakrishna Rao, alikuwa jicho la serikali kuu jimboni, na taarifa aliyoipeleka Delhi ndiyo iliyotumiwa kuliondoa baraza. Tarehe 31 Julai 1959, Rais Rajendra Prasad, kwa ushauri wa serikali ya Waziri Mkuu Nehru, alitumia ibara ya 356 ya katiba, na jimbo likawa chini ya utawala wake. Wabunge wengi walikuwa bado upande wa Namboodiripad, na kwa sababu hiyo naona kitendo kile kilikuwa dhuluma, hata kwa asiyependa siasa za chama chake. Katika uchaguzi wa 1960 Wakomunisti walirudi na viti 29 tu.

Wenye vibanda walingoja hadi tarehe 1 Januari 1970, Achutha Menon akiwa sasa Waziri Kiongozi, ndipo sheria ilipowapa haki ya kununua ardhi iliyozunguka vibanda vyao.