Mkuu, usipande hata mti mmoja kabla hujakagua biti

Simama hapohapo. Umeuliza ununue Gaea au World Machine, zile programu za kuunda ardhi ya 3D kwenye kompyuta, RAM ya GB 16 itatosha au la, na mto uutengeneze vipi. Sawa. Lakini kilichofanya chakula changu kipoe ni ule mstari wako wa mwisho: "Kilimanjaro nimeshautoa QGIS (ile programu ya ramani) kama picha, usiku huu naanza kupanda miti." Usipande!

Mwaka juzi nilipewa kazi ya tangazo la katuni, mlima huohuo. Nikashusha data ya SRTM ya vimo vya ardhi, ile iliyopimwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Kuna jamaa wa video, sauti kama mtangazaji wa redio, akasema: kwenye QGIS chagua "Rendered image", hifadhi, twende kazi. Nikaenda. Ramani ya kimo ikatoka safi, kijivu chini na nyeupe kileleni, laini kama hariri. Hapo jicho halioni kosa lolote.

Wiki tatu nzima nikapanda msitu, nikachora njia za wapandaji, nikatawanya mawe kwenye ile tambarare kati ya Kibo na Mawenzi, jiwe kwa jiwe. Siku ya kurenda, yaani kutoa picha za mwisho, nikashusha jua liwe la saa kumi na mbili jioni. Mama yangu! Mlima mzima una ngazi, kila ukingo umeangusha kivuli chake, tambarare yangu imekuwa jukwaa la uwanja wa mpira. Mteja akauliza kwa upole kama yale ni matuta ya kilimo. Nikamwambia ndiyo. Msinicheke, nilikuwa na kodi ya nyumba.

Piga hesabu mwenyewe. Picha ile ni ya biti 8, maana yake ina vimo 256 basi. Kutoka mita 900 hivi kule chini hadi 5,895 kileleni ni kama mita 5,000. Gawanya: kila ngazi inaruka karibu mita 20, ghorofa sita hizo! Biti 16 ina vimo 65,536, kila hatua haifiki sentimita 8.

Nikajaribu kuokoa. Nikaligeuza faili kuwa la biti 16, ngazi zikabaki palepale. Ukimimina kikombe cha chai kwenye ndoo hupati ndoo ya chai. Nikalainisha, Mawenzi yenye meno yote yale ikawa donge la ugali. Nikaingiza ramani mpya chini ya msitu wa zamani, nusu ya miti ikaning'inia hewani, nusu ikazikwa hadi shingoni. Nikaanza upya, na nusu ya malipo ya awali nikarudisha. Yule jamaa wa video nilimwandikia, akanijibu kwa dole gumba. Video yake ipo hadi leo, inaendelea kuua watu.

Kwa hiyo: QGIS chagua "Raw data", kisha amri ya kubadili faili, gdal_translate, kwa -of PNG -ot UInt16, na -scale uiandikie kimo cha chini na cha juu cha faili lako, halafu 0 65535. Ingiza ardhi tupu, bila hata jani. Jua lishushe kabisa, kamera iweke chini kama nyoka, zunguka dakika kumi. Ukiona mistari, futa. Na kama ardhi unaiingiza Unreal, ile injini ya michezo, Z (kipimo cha kimo) ya 100 inakupa mita 512 tu toka chini hadi juu. Kwa mita 5,000 weka kama 977, la sivyo utapata kichuguu.

Gaea au World Machine? Zote zina toleo la bure lenye kikomo cha ukubwa, zijaribu. RAM wengine watakujibu. Mto... aa, achana na mto kwanza. Fungua lile faili, angalia ni biti ngapi, uje uniambie hapa kabla hujalala.