Kingamwili Hizi ni za Mama au za Mtoto?

Ukianza kusoma au kufanya kazi kwenye maambukizi ya virusi yanayompata mtoto akiwa bado tumboni, utatupiwa majina mengi kwa mpigo: rubela, CMV (kirusi cha jamii ya herpesi), Zika, VVU. Usijitese kuyakariri wiki ya kwanza. Kinachowaangusha wageni ni kusoma jibu la damu kabla ya kujiuliza damu hiyo inaeleza habari za nani.

Mtoto huzaliwa na kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, ambazo hakuzitengeneza. Zile za aina ya IgG kutoka kwa mama huvushwa kwenye kondo la nyuma na kipokezi kiitwacho FcRn. Kidogo kidogo huanza kuvuka karibu na wiki ya 13, ila sehemu kubwa hupita miezi mitatu ya mwisho, hata mtoto aliyetimiza miezi yake mara nyingi huwa na IgG nyingi kuliko mama yake. Aina nyingine, IgM na IgA, hazivuki kwa njia hiyo. Kwa hiyo IgG kwa kichanga inaweza kuwa historia ya mama tu. Ndiyo sababu mtoto wa mama mwenye VVU hutafutiwa kirusi chenyewe kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vyake. Kingamwili za mama zinaweza kuendelea kuonekana hadi miezi 18. Na njiti mwenye IgG chache usimdhanie kuwa na kasoro ya kinga: alizaliwa kabla ya kupata mgao wake.

Hapo mwanafunzi hurukia IgM na kusema basi hii ni ya mtoto. Polepole. Damu ya kitovu huchafuliwa kirahisi na damu ya mama wakati wa kukusanywa. Ukiona IgM pamoja na IgA nyingi, shuku uchafu huo, kisha omba damu ya mtoto mwenyewe baada ya siku kadhaa: IgM ya mama hupungua kwa nusu kila siku 5 hivi, ya mtoto huendelea kuwepo. Upande wa pili, kukosekana kwa IgM hakumsafishi mtoto. Wengi walioambukizwa CMV tumboni huzaliwa bila IgM inayoonekana, na kwa virusi hivi mimi siitegemei kabisa. Hupimwa kwa PCR ya mkojo au mate ndani ya siku 21 tangu kuzaliwa. Zikipita, sampuli mpya haiwezi tena kukuambia kama aliambukizwa tumboni au baadaye kupitia maziwa. Sampuli isiyo na tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuchukuliwa irudishe ilikotoka, hata kama daktari atanuna. Mate yakichukuliwa mara tu baada ya kunyonya, CMV ya kwenye maziwa inaweza kukudanganya. Thibitisha kwa mkojo.

Kwa mama, IgM, ambayo kwa kawaida huashiria maambukizi mapya, inaweza kubaki miezi mingi, kwa hiyo haitoshi kusema kaambukizwa akiwa mjamzito. Pima nguvu ya IgG yake ya kushika kirusi: ikiwa dhaifu, maambukizi huenda ni ya ndani ya miezi mitatu au minne iliyopita, ikiwa imara mwanzoni mwa ujauzito, yaelekea yalitangulia mimba. Umri wa mimba ni nusu ya jibu. Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia, mwaka 1941 aliunganisha mtoto wa jicho kwa vichanga na rubela waliyougua mama zao miezi ya mwanzo ya mimba, wakati kirusi chenyewe kilikuja kukuzwa maabara mwaka 1962. Aliuliza maswali tu.

Usikubali pia maelezo kwamba kinga ya kijusi imelala. Chembe T (seli nyeupe za kinga) aina ya CD8 zinazoilenga CMV zimeonekana kwa kijusi cha wiki 28, na chembe T za aina nyingine, gamma-delta, huongezeka sana mtoto akiambukizwa virusi hivyo tumboni. Tofauti ni kwamba kijusi kina chembe T nyingi za kutuliza mapambano, maana seli za mama hupenya hadi ndani yake naye hulazimika kuzivumilia. Kondo nalo hujilinda, kwa kutoa interferoni (protini ya kuzuia virusi) ya lamda bila kusubiri uvamizi. Hata hivyo Zika huingia kwenye makrofaji zake (seli za kinga zinazomeza wavamizi), zile za Hofbauer. Na si kila ulinzi ni salama: kwa panya, interferoni ya aina ya kwanza imeonekana kuharibu kondo na kuua vijusi.

Maadamu nimewataja panya, soma majaribio yao kwa jicho kali. Kitoto cha panya huendelea kupokea IgG nyingi za mama kupitia maziwa baada ya kuzaliwa, na CMV ya panya haivuki kondo lao. Ya simbilisi huvuka. Kwa hiyo ukipewa makala kuhusu CMV tumboni, kabla ya kufika kwenye matokeo angalia walimtumia mnyama gani, na kama ni panya, virusi vilimfikiaje mtoto. Mara nyingi utakuta alichomwa sindano akiwa ameshazaliwa.