Fundi, Besi Yangu Yala Betri

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi hupiga besi kanisani hapa Likoni, na mara moja moja kwenye harusi. Besi yenyewe ni ya nyuzi 5, ya mtumba, ina priampu ndani (saketi ndogo ya kukuza sauti) na betri moja ya volti 9. Tangu mwezi wa tano betri haimalizi mwezi. Wiki tatu tu, sauti yaanza kukwaruza, kisha yafifia na kukata. Waya nachomoa kila nikimaliza, naapa. Nimejaribu betri za kila bei. Fundi mmoja wa ng'ambo ya feri ameniambia priampu imechoka, ninunue nyingine. Kabla ya hapo besi haikuwa na shida, ila mwezi huo huo nilibadilishiwa tundu la waya kwa sababu la zamani lilikuwa limelegea. Nifanyeje? (Mpiga besi, Likoni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa za priampu ziweke mfukoni kwanza. Jibu umeniandikia mwenyewe kule mwisho, ulipotaja tundu, ukapita haraka kama aliyekanyaga tope.

Tufanye hesabu. Betri nzuri ya alkali ya volti 9 ina yapata miliampu-saa 550. Priampu ya besi hunywa kidogo sana, nyingi miliampu 1 au pungufu. Gawanya: saa 550, ambazo ni siku 23 za mchana na usiku bila kupumzika. Wewe waniambia wiki tatu. Basi besi yako hailali. Umeifunga kwenye begi, umeisukuma chini ya kitanda, umezima taa, nayo priampu iko macho inakunywa. Laiti ingekuwa inazimika, kwa mazoezi na ibada za saa 6 kwa wiki betri moja ingekufikisha karibu miaka miwili.

Sababu yenyewe ni hii. Swichi ya kuwasha besi za namna hii haiko kwenye nobu yoyote. Iko ndani ya tundu la waya. Tundu lake ni la stereo, lina miguso mitatu: ncha, pete na shina. Waya mweusi wa betri huunganishwa kwenye pete, hauendi kwenye shina. Unapochomeka plagi ya kawaida ya gitaa, shina lake refu lagusa pete na shina la tundu kwa pamoja, njia ya umeme yakamilika, priampu yaamka. Ukichomoa, yalala. Ndiyo maana twawaambia watu wachomoe waya hata kama amplifaya imezimwa. Sasa fundi asiyejua hili akikuwekea tundu la mono, pete haipo. Atautafutia ule waya mweusi pa kukaa, naye atauchomea kwenye shina. Sauti itatoka safi kabisa. Utamshukuru na kumlipa.

Najua kwa sababu nami nilifanya hivyo kwa mikono yangu. Miaka hiyo nilikuwa napiga hotelini Pwani ya Kaskazini, usiku sita kwa wiki, jukwaa liko hatua chache kutoka mchangani. Chumvi ilikula tundu la besi yangu likawa kijani. Nikapata tundu kwenye redio mbovu, nikaunganisha, sauti ikatoka, nikajiona fundi mkubwa. Siku kumi na kitu baadaye tukaenda kupiga harusi. Bibi harusi yuko mlangoni, wageni wamesimama, besi ikaanza kukoroma kama nyuki ndani ya debe. Kisha kimya. Mpiga kinanda alinitupia jicho, mkono wake wa kushoto ukachukua kazi yangu. Nikabaki nachezesha vidole juu ya nyuzi ili wazee wasijue. Betri ya akiba? Sikuwa nayo. Swichi ya kuruka priampu, ambayo besi nyingine huwa nayo? Besi ile haikuwa nayo. Tangu siku hiyo mfukoni mwa begi langu hakukosi betri mpya ndani ya karatasi yake na bisibisi ndogo ya kufungulia kifuniko.

Hakikisha kabla ya kumshitaki mtu. Azima multimita, ile mita ya kupimia umeme, iweke kwenye kipimo cha miliampu. Chomoa waya wa gitaa. Zungusha klipu ya betri ili kifungo kimoja kibaki kimeshika na kingine kiachane, kisha gusisha ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha betri kilicho wazi na nyingine kwenye kifungo cha klipu kilicho wazi. (Usiiguse betri vichwa vyote viwili kwa kipimo hicho, utaunguza fyuzi ya multimita na mwenyewe atakudai.) Waya ukiwa nje, namba iwe sifuri. Ukiona 0.8 au 1.1, mwizi umemshika. Halafu chomeka waya utazame tena: hiyo ndiyo njaa halisi ya priampu yako, na kama ni miliampu 1 au chini yake, priampu ni nzima wa afya.

Nunua tundu la stereo, la chuma kizito. Waya uliokuwa kwenye ncha ya tundu la zamani uende kwenye ncha, wa ardhi kwenye shina, mweusi wa betri kwenye pete. Kazi ya nusu saa. Huyo wa ng'ambo ya feri simlaumu sana, lakini priampu si kitu cha kuchoka. Ni saketi ndogo. Kuna besi za Music Man StingRay, zilizotoka Marekani mwaka 1976, ambazo priampu zake za kwanza zingali zinafanya kazi. Betri ndiyo huadhibiwa kwa dhambi za tundu.

SWALI: Salaam fundi. Nobu ya treble (sauti nyembamba) ya besi yangu hukwaruza nikiizungusha, kama mtu anayepepeta mchele kwenye spika. Nakaa Bamburi, karibu na bahari. Nimeambiwa ni priampu tena! (Dada wa besi)

JIBU: Dada yangu, kila kitu ni priampu siku hizi. Ikikwaruza wakati wa kuzungusha tu, hiyo ni nobu yenyewe, ndani mwake mna vumbi na unyevu wa chumvi. Maduka ya vifaa vya umeme yanauza dawa ya kupuliza ya kusafishia miguso. Fungua kifuniko cha nyuma, tafuta kipenyo kidogo juu ya miguu mitatu ya nobu, pulizia kidogo, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. Usitie mafuta ya bawaba. Kuna kijana aliniletea aliyotia mafuta ya nazi. Besi ilinukia vizuri, lakini nobu zote tulizitupa.

Isipopona, badilisha nobu hiyo moja, na uangalie namba iliyoandikwa mgongoni. Besi ya priampu mara nyingi hutumia K (kilo-omu, kipimo cha ukinzani) 25, 50 au 100, wakati besi ya kawaida hutumia 250 au 500, na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake usipokuwa mkali.

Zikikwaruza nobu zote, hata baada ya kusafishwa, hapo nitakubali kuifungua priampu. Huenda kapasita moja, kipuri kidogo cha kwenye bodi, inavujisha umeme wa betri kuingia kwenye njia ya sauti. Kapasita ni shilingi chache. Usikubali kuuziwa bodi nzima kabla mtu hajaipima hiyo.

SWALI: Fundi, nikiweka betri mbili ziwe volti 18, zitadumu mara mbili? (Tudor)

JIBU: Hazitadumu hivyo. Zikifuatana, volti ndizo zinazojumlishwa; saa zabaki zile zile, nawe utakuwa unanunua mbili badala ya moja. Faida yake iko kwenye sauti: ukizipiga nyuzi kwa nguvu, priampu haivunji sauti upesi. Na si kila priampu inastahimili 18. Kama haikuandikwa, usijaribu.

Mimi betri naipima kabla ya kila harusi. Mpya huonyesha volti 9 na nusu hivi. Nikiona 8, naitoa, nampa mjukuu. Za kuchaji nazo zina wapenzi wake, ila volti zake hazifuati za alkali, kwa hiyo kipimo changu hakizifai. Na ukibadilisha betri nyuma ya jukwaa gizani, usipapase. Klipu ikigusa kinyume hata kwa sekunde moja, priampu isiyo na diodi ya kinga yaweza kuungua pale pale. Hizo ndizo priampu chache nilizowahi kuziona zimekufa kweli. Washa tochi ya simu.