Kontena la karanga limekutwa na sumukuvu (sumu ya ukungu, aflatoxin), nianzie wapi? Nafikiria kuchota konzi moja nipime tena.

Anzia ghalani, tangazo baadaye kidogo. Leo hii zuia kila gunia la namba hiyo ya shehena, libandike "LISITOKE", litenge na mzigo mwingine. Kisha fuatilia nyuma (nani alikuuzia) na mbele (nani alinunua, kilo ngapi, lini). Kilo zilizoingia lazima zilingane na zilizouzwa, zilizobaki na zilizotupwa; likipungua hata gunia moja, liko mezani kwa mtu.

Hilo wazo lako la kupima tena kwa kuchota konzi moja ni kujidanganya. Sumukuvu haitawanyiki sawasawa, punje chache hubeba karibu yote. Kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa karanga za kusindikwa ni mikrogramu 15 kwa kilo, na sampuli ni kilo 20 zilizochotwa sehemu nyingi za shehena, zikasagwa pamoja. Kukaanga hakuimalizi. Kuchanganya na karanga nzuri ili kipimo kishuke, usithubutu.

Mamlaka ya chakula waambie mapema, wateja siku hiyohiyo. Mwandikie muuzaji pia, ukiambatanisha majibu ya maabara. Na isome bima yako: nyingi hulipa madhara kwa mlaji, gharama za kurudisha mzigo hazimo.