Omba Ukuta, Usingoje Jengo

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mchoraji kijana anayesoma makala zangu. Ana picha 31 zimelala chini ya kitanda, na kila ukumbi anaobisha hodi unamtajia kodi kwanza. "Niache kuchora?" ameniuliza. Sikupata usingizi. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe miaka 12 iliyopita.

Wakati ule niliandikia ofisi moja ya umma kuomba ukumbi wao, ambao ulikuwa ukikaa mtupu karibu mwaka mzima. Barua haikujibiwa, nikabeba picha zangu nikaenda. Bwana aliyenipokea alitazama mbili tu, akasema ukumbi ule ni wa shughuli za maana. Shughuli za maana! Hadi leo nikikumbuka kifua kinabana. Nilirudi nyumbani mvua ikininyeshea, na picha ya mama yangu akishona, niliyoichora kwa rangi za maji, ikalowa nisiweze kuiokoa.

Iliniuma muda mrefu kabla sijakubali kwamba hata barua yangu ilikuwa mbovu. Kuanzia mwanzo hadi mwisho ilisema mimi, mimi, mimi. Mara ya pili tulikwenda watu saba, wakiwemo mchongaji, mpiga picha na mwalimu, tukaomba maktaba ya umma ukuta mmoja wa mita 9 kwa wiki tatu. Tulipeleka mchoro wenye vipimo. Tulieleza nani atatundika na nani atalinda, na kwamba picha zitaning'inia kwa waya kutoka kwenye reli moja ya juu, ili ukuta usijae matundu ya misumari. Tukakubaliwa siku hiyo hiyo.

Mama mmoja aliyekuja kurudisha kitabu alirudi kesho yake na watoto watatu. Yule mdogo alikaa sakafuni mbele ya kinyago akakataa kuondoka. Watoto wale hawakuwahi kuingia kwenye nyumba ya sanaa. Nani angewapeleka? Nyumba za sanaa za biashara mara nyingi huchukua hadi nusu ya bei ya kazi, kwa hiyo lazima zitundike kinachouzika na zimtazame mwenye fedha. Ukuta wa umma haumuulizi mtu amekuja kununua nini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiende peke yako. Mwaka 1874 wachoraji wa Ufaransa akina Monet, Degas na Berthe Morisot, waliochoka kungoja hukumu ya waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris, waliungana wakaonyesha kazi zao katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Wala usikae kungoja jengo jipya. Tate Modern, nyumba ya sanaa ya London iliyofunguliwa mwaka 2000, ilikuwa kituo cha umeme, na ile ya Paris, Musée d'Orsay, ilikuwa stesheni ya treni. Pima ukuta, angalia jua linapigia wapi, kwa sababu mwanga wa jua huzififisha rangi, hasa za kazi za karatasi. Katikati ya picha ikae kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Na nasema tena, usiende peke yako.

Nanyi mlioshika funguo za majengo ya umma, kumbi hizo zimejengwa kwa fedha za watu wote. Mnazifungia nini? Mtoto anayekua bila kuona kazi ya mikono ya jirani yake ikiwa ukutani ataamini kwamba sanaa ni ya watu wengine, wa mbali. Fungueni milango hata siku mbili kwa wiki.

Kijana nimemjibu asiache. Nimemwomba anitumie urefu wa ukuta wa ile zahanati anayopita kila asubuhi, na majina ya wenzake watatu. Jana ametuma majina mawili.