Ukuta Uliokauka kwa Nje

Maji yalipotoka sebuleni kwetu, magharibi mwa Houston, Septemba 2017, mimi nilikimbilia ufagio. Ndivyo nilivyolelewa: nyumba ikichafuka unafagia, unapiga deki, unafungua madirisha. Kumbe ufagio ulikuwa wa mwisho.

Kimbunga Harvey kilipiga pwani ya Texas usiku wa 25 Agosti, kisha kikaganda na kumwaga mvua siku baada ya siku. Mtaa wetu ulizama baadaye, maji ya mabwawa ya Addicks na Barker yalipofunguliwa kuanzia tarehe 28. Kwa hiyo tulikuta tope, harufu, na mstari wa kahawia ukutani, usawa wa goti.

Ukirudi, shika simu kabla ya ufagio. Piga picha mstari ule ukiwa umeuwekea futi kamba, piga picha kila chumba, na kibandiko cha namba nyuma ya friji na mashine ya kufulia. Mimi nilitupa sofa na televisheni kando ya barabara, lori la taka likapita, na mkaguzi wa hasara alipokuja akaandika alichokiona: hakuna kitu. Nunua pia daftari la shule, uandike kila uliyezungumza naye na tarehe. Na kama huna bima ya mafuriko, jua kwamba bima ya kawaida ya nyumba Marekani haiyagusi mafuriko. Ile ya mafuriko hununuliwa peke yake, na kwa kawaida huanza kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usingoje kimbunga kitangazwe.

Friji lililokaa na nyama siku kadhaa bila umeme usilifungue. Lizungushie selotepu, litoe lilivyo. Utanishukuru.

Jenereta iwe nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu waliolala. Umeme wa nyumba usiuwashe mpaka fundi akague.

Sasa ukuta. Wiki ya kwanza niliugusa, mkavu. Nikampigia mama simu Tanga kumtuliza. Akauliza, "Huo ukuta umejengwa kwa nini?" Nikamwambia karatasi na unga wa jasi, na ndani yake sufi ya kuzuia joto. Akacheka. "Mwanangu, hiyo ni godoro. Godoro likilowa unalipapasa juu?"

Jirani yetu Mmeksiko alikuja na mtaimbo, na mkewe na sufuria ya chakula. (Chakula pokeeni, jamani. Sisi tuna haya ya ajabu, siku mbili tulisema tumeshiba.) Jirani alikata bodi hizo za ukuta kutoka sakafuni hadi mita 1.2, kwa sababu huo ndio upana wa bodi mpya na maji hupanda ndani kupita mstari unaouona. Sufi ilitoka ikichuruzika, na nyuma ya ukuta "mkavu" kuvu lilikuwa jeusi. Huanza ndani ya siku moja au mbili tu.

Usiruhusu fundi afunge ukuta mpya kabla ya kupima kwa kipimo unyevu wa nguzo za mbao zilizo ndani yake. Sisi tulingoja hadi Desemba. Watoto waliacha kabisa kutumia mlango wa jikoni. Walipenya katikati ya nguzo na sahani zao mkononi, na mdogo alilia siku fundi alipopaziba.