Maswali ya wafugaji: jiwe la kulamba halitoshi

Swali: Daktari, hapa Mugunga, Goma, ninanenepesha mafahali 10 waliotoka Masisi, wa kilo 300 hivi kila mmoja. Wanakula mabua ya mahindi na majani makavu. Niliwawekea jiwe jekundu la kulamba, lakini bado wanatafuna mifupa na vitambaa. Matumbo yamejaa, nyama haiongezeki. Je, niliuziwa jiwe bovu?

Jibu: Huenda si bovu. Mawe mengi ya namna hiyo ni chumvi karibu tupu, na wekundu wake ni oksidi ya chuma, kitu ambacho ng'ombe wa malisho hakikosi. Fahali anayetafuna mifupa anatafuta fosforasi. Soma karatasi ya jiwe: kama asilimia ya fosforasi haikuandikwa, hesabu kwamba haimo.

Anayevunja mabua si ng'ombe mwenyewe, ni vijidudu vya tumbo kubwa. Navyo vinataka fosforasi, salfa, na kobalti ya kutengenezea vitamini B12. Vikikosa, bua linakawia tumboni, fahali anaonekana ameshiba kumbe anakula kidogo. Pasua kinyesi kwa kijiti: kikiwa kigumu, kimepandana, na ndani mna vipande virefu vya bua, ujue kazi ya tumboni imelala.

Nunua gunia lililoandikwa phosphate bicalcique (unga wenye fosforasi na kalsiamu), ya kulishia mifugo. Changanya kilo 5 na kilo 5 za chumvi yenye iodini, pamoja na madini madogo (kobalti, shaba, zinki) kwa kipimo kilichoandikwa na kiwanda, si kwa kukisia: shaba ikizidi ni sumu. Kila fahali gramu 70 kwa siku, kwa hiyo kilo 10 zinatosha mafahali wako wiki mbili. Weka katika kihori cha mbao chini ya bati, kwani mvua ikiingia chumvi inayeyuka na kinachobaki kinaganda kama saruji.

Wenye njaa ya chumvi wataivamia. Wiki ya kwanza toa nusu tu, na maji yawepo muda wote. Najua Mugunga maji ni ya bidoni, ila fahali wa kilo 300 anahitaji lita 30 na zaidi kwa siku, yaani bidoni moja na nusu ya lita 20. Chumvi nyingi bila maji inaua.

Mifupa iokote yote uichome. Uozo wake una sumu inayopooza ng'ombe: anaanguka, ulimi unalegea, na mara nyingi haponi. Wala usimpe fahali mbolea ya viwandani ya shambani ati kwa sababu ina fosfati. Ina florini, inaharibu meno na mifupa.

Hata hivyo, kwa mabua matupu madini peke yake hayatakusaidia. Vijidudu vinahitaji naitrojeni, nayo katika mabua ni haba. Ongeza majani ya viazi vitamu au ya kaliandra (mti wa malisho), kilo 4 hadi 5 mbichi kwa kila fahali kwa siku, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, anza na majani haya.

Swali: Mimi niko Bukavu, mafahali wangu wanakula dreshi (machicha ya nafaka) ya kiwanda cha bia na kilo 2 za pumba za ngano kila siku. Niwape mchanganyiko huohuo?

Jibu: Hapana. Dreshi na pumba zimejaa fosforasi, kalsiamu ndiyo haba. Ukiongeza fosfati unawatengenezea mawe ya mkojo: fahali anasimama akijikamua, mkojo unadondoka tone kwa tone, na nywele za mdomo wa ala ya uume zina chembe kama mchanga. Akifika hapo, mwite veterineri siku hiyohiyo, kibofu kisipasuke. Kila fahali mpe kwa siku gramu 50 za chokaa ya mifugo, ile ya mawe yaliyosagwa (ya kupaka ukuta itawaunguza), na gramu 30 za chumvi ili anywe zaidi. Changanya ndani ya dreshi yenyewe, maana chokaa ikiwa peke yake hawaigusi.